Sura ya Nne: Ubishi wa Banda la PS

Katika mabanda ya PS ya Kibera, Nairobi, ambako vijana hulipia kucheza PlayStation, Adriano hajastaafu. Mshambuliaji huyo Mbrazili aliachana na Inter Milan mwaka 2009 na mpira wake haukurudi kuwa ule wa zamani, lakini shuka kutoka Olympic kuelekea Gatwekera, au ingia vichochoro vya Gatina upande wa Kawangware, na popote ambapo PS2 kuukuu bado inakubali kuwaka utamkuta kazini. Mguu wa kushoto, mbali na lango, kipa anaruka mpira ukiwa umeshalala wavuni. Baadhi ya vijana wanaompigisha mashuti hayo hawakuwa wamezaliwa mwaka 2006, Konami ilipotoa Pro Evolution Soccer 6 (PES 6) na kumwandikia nguvu ya shuti 99, kilele cha namba zote za mchezo ule.

Ubishi huanzia hapo. Mmoja ataapa kwamba mshambuliaji wa namna ile hajatokea tena. Mwenzake, aliyejifunzia kwenye PS4, atamuuliza kama amewahi kumshika Mbappé wa FC 24 akawaacha mabeki wanne wakiangalia mgongo wake. Wa tatu, mkubwa wao kwa umri, anamkumbuka Thierry Henry wa FIFA 2005. Henry aliandikiwa 97. Mbappé wa FC 24 ana 91. "Hesabu si ni hesabu, buda?" Na kwa kuwa banda ni dogo na wanaosubiri zamu ni wengi, haichukui muda kabla kila aliyemo ndani hajawa na upande.

Mimi naona wote watatu wanapima kwa mizani mbovu. Namba ya mchezaji haisemi kitu mpaka ujue sheria zinazomzunguka, na sheria hizo hubadilika kila toleo jipya linapotoka, mara nyingine namba ikiwa palepale. Watu wanaolielewa jambo hili vizuri kuliko wote Nairobi ni wenye mabanda, kwa sababu wao hulazimika kulitatua kila jioni kabla wateja hawajashikana mashati.

Tabia ya kumgeuza mtu kuwa orodha ya namba haikuanzia kwenye mpira. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani ulioitwa Dungeons & Dragons. Skrini haimo. Watu huketi kuzunguka meza, mmoja akiwa msimulizi, wengine kila mmoja na mhusika wake, na mbele yao vijitabu, penseli na dadu. Mhusika aliundwa kwa kurusha dadu tatu kwa kila sifa, nazo zilikuwa sita: nguvu, akili, busara, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Kila sifa ilipata kati ya 3 na 18. Kisha ukamchagulia kazi. Mwanzoni kazi zilikuwa tatu, mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Ukimwona leo winga ameandikiwa kasi 97 na pasi 80, huyo ni mjukuu wa orodha ile ya sifa.

Wachezaji wa mchezo huo wa mezani nao wana ubishi wao, mkongwe kuliko wa Kibera: mchawi wa toleo gani alikuwa na nguvu zaidi? Ukisoma orodha ya uchawi wake peke yake utajibu haraka, na utakosea. Katika matoleo ya zamani mchawi alianza akiwa mnyonge kabisa. Alikuwa na uchawi mmoja kwa siku, akishautumia anabaki kujificha nyuma ya wenzake, na dhoruba moja ya kisu ilitosha kumzika. Juu ya hayo, kupanda ngazi kulimgharimu kuliko wengi. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mwizi alifika ngazi ya pili kwa takriban pointi 1,250 za uzoefu, mpiganaji kwa 2,000, mchawi kwa 2,500. Zile nguvu zake za ukubwani, za kuteketeza kikosi kizima kwa neno moja, alikuwa amezilipia tangu utotoni, kama alibahatika kuupita utoto.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilifuta bei hiyo. Wote wakapandia ngazi moja, pointi 1,000 kufika ya pili, awe mwizi awe mchawi. Mchawi akabaki na uwezo wake, deni likasamehewa, na haikupita muda wachezaji wakaanza kulalamika kwamba mpiganaji amekuwa msindikizaji. Toleo la nne, 2008, lilijaribu tiba kali: kila kazi ikapewa mpangilio mmoja wa mbinu, nyingine za kutumia wakati wowote, nyingine mara moja kwa pambano, nyingine mara moja kwa siku. Usawa ulipatikana, na wengi wakanung'unika kwamba upanga na uchawi sasa vina ladha moja. La tano, 2014, lilirudisha tofauti lakini likaweka kizuizi: uchawi mwingi mzito unamtaka mchawi atulize akili muda wote unapofanya kazi, hawezi kushikilia wa aina hiyo miwili kwa pamoja, na akipigwa huenda ukamtoka. Uchawi una jina lilelile na maelezo yanayofanana, ila thamani yake si ile tena.

Kwa hiyo mchawi wa 1978 na wa 2000 huwezi kuwalinganisha kwa kuwaweka bega kwa bega. Lazima uulize kila mmoja alilipa nini, na adui yake aliruhusiwa kufanya nini. Sasa mrudishe Henry.

Hiyo 97 yake na 91 ya Mbappé hazikuandikwa na mkono mmoja. Kadiri miaka ilivyokwenda EA, watengenezaji wa FIFA, walikuwa wanakibana kilele: Messi alipata 94 kwenye FIFA 12, Cristiano Ronaldo 94 kwenye FIFA 18, na kufikia FC 24, mchezo wa kwanza baada ya EA kuachana na jina la FIFA mwaka 2023, hakuna mwanamume aliyepita 91 ya Mbappé na Haaland. Hiyo namba kubwa yenyewe ni mchanganyiko. Ndani yake mna sifa ndogondogo zaidi ya 30, zinazopimwa kulingana na nafasi ya mtu uwanjani, hivi kwamba kasi inambeba winga kuliko inavyombeba beki wa kati. Wawili wenye 85 wanaweza wasifanane kwa lolote.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na kilichotokea mwaka 2011. Hadi FIFA 11 ulishikilia kitufe kimoja, beki wako akamfuata mwenye mpira mwenyewe mpaka akampokonya. FIFA 12 ikaja na ulinzi mwingine: beki anajiweka umbali fulani, na wewe ndiye wa kuamua aingie saa ngapi. Ukiwahi umepitwa, ukichelewa umefungwa. Kila mpiga chenga duniani aliongezewa nguvu siku hiyo bila namba yake kuguswa, na kila aliyezoea kulinda kwa kidole kimoja aligeuka mwanafunzi. Mfumo wa zamani uliachwa kwenye mipangilio kwa anayeutaka, na huo ukawa mlango wa hila mpya, mtu akibadilisha kimyakimya wakati mwenzake anajibu simu.

Miaka 11 baadaye FIFA 23 iliwagawa wachezaji katika aina tatu za kuongeza mwendo. Wale warefu wenye nguvu walianza taratibu lakini wakishachanganya miguu hawakamatiki, na ghafla Virgil van Dijk, beki wa kati, akawa anawafukuza mawinga na kuwapita. Mabanda yalicheka, kisha yakaacha kucheka, kwa sababu kila mtu alitaka timu ya majitu. EA walirudi kupunguza makali. FC 24 nayo iliongeza alama za mtindo, vijinembo vinavyompa mchezaji uwezo ambao namba zake hazionyeshi. Anayesoma namba tu hapo anasoma nusu ya barua.

Adriano naye ana nusu yake isiyosomwa. Amezaliwa Vila Cruzeiro, mtaa wa mabanda wa Rio de Janeiro ambao mtu wa Laini Saba, Kibera, angeuelewa bila kuelezwa. Baba yake alifariki mwaka 2004, na mwenyewe amesimulia jinsi msiba ule ulivyomvunja. Konami ilipomwandikia 99 mwaka 2006, Adriano wa kweli alikuwa ameshaanza kuteremka. Namba ilimhifadhi wa juzi, na wa juzi ndiye anayecheza Gatwekera leo.

Anaendelea kucheza kwa sababu Nairobi matoleo hayafi kwa zamu. PS2 ilipata michezo yake rasmi ya mwisho ya mpira mwishoni mwa 2013, PES 2014 na FIFA 14, kisha bomba likafungwa. Diski hazikukoma. Mafundi walichukua PES ya zamani, wakabadilisha majina, jezi na vikosi, wakachoma diski mpya. Huko Brazili kazi ya namna hiyo ina jina kubwa, Bomba Patch, na wapenzi wake ni wengi mpaka leo. Huku kwetu diski hizo huuzwa mjini zikiwa na kava lenye mwaka mpya. Unamkuta Haaland na jezi ya bluu ya Manchester City, lakini anakimbia, anageuka na kupiga kwa sheria za 2006. Mara nyingi fundi huchukua mshambuliaji wa zamani na kumvalisha jina jipya, kwa hiyo huenda chini ya nywele hizo za dhahabu yuko mtu uliyemjua ukiwa darasa la nne. Anayebisha kwamba Haaland "wa mwaka huu" amezidi nguvu, kwanza atuambie anamsema Haaland yupi.

Wakenya wenyewe wamepita katika michezo hii ya mpira kwa mgongo wa klabu zao: Dennis Oliech na Auxerre, McDonald Mariga na Parma kisha Inter, mdogo wake Victor Wanyama na Celtic, Southampton na Tottenham, Michael Olunga alipokuwa kwa mkopo Girona. Harambee Stars, timu ya taifa, waliwahi kuingia kikosi kizima kwenye mchezo maalumu wa Kombe la Dunia wa 2010, uliobeba timu 199 zilizokuwa kwenye safari ya kufuzu, ila haukutoka kwa PS2, kwa hiyo mabanda mengi ya wakati ule hayakuuona. Mariga alitua Inter Januari 2010, mwaka haujatimia tangu Adriano aondoke, na akamaliza msimu huo akiwa katika kikosi kilichobeba Ligi ya Mabingwa. Miaka tisa baadaye alikuwa Kibra, jimbo lenye Kibera, akiomba kura katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Novemba 2019, kwa tiketi ya Jubilee. Alishindwa na Imran Okoth wa ODM. Nadhani ndiye mgombea pekee katika historia ya eneo hilo ambaye baadhi ya wapiga kura walishawahi kumweka benchi kwa kubonyeza kitufe.

Kisha intaneti ya bei nafuu ikaingia mitaani. Poa Internet, kampuni iliyojulikana kwa kuhudumia mitaa ambayo makampuni makubwa yalikuwa yanaikwepa, ilianzia Kibera na Kawangware hasa. Kwa mwenye banda la PS4 maana yake ilikuwa kwamba toleo haliishi tena ndani ya diski. Mashine iliyounganishwa hupakua marekebisho: van Dijk anapunguzwa mwendo, vichwa vinapunguzwa nguvu, kipa anafundishwa upya. Mashine ya jirani, ambayo mwenyewe hataki kulipia mtandao, inabaki na mchezo kama ulivyotoka kiwandani. Diski ni moja, ukuta wa mabati ndio unaowatenganisha, na bingwa wa upande huu akivuka ng'ambo anafungwa tatu kavu. Atasema padi ni mbovu. Mara nyingine kweli ni mbovu.

Ukitaka kuona usawa ukitafutwa waziwazi, achana na mpira uende kwenye Tekken, mchezo wa mapigano. Tekken 3 ilifika PlayStation mwaka 1998 na ndani yake akawamo Mbrazili mwingine, Eddy Gordo, anayepigana kwa capoeira. Mbinu zake zilitoka mfululizo hata kwa mtu anayebonyeza vitufe vya mateke bila mpango, na kijana aliyejifunza mhusika wake kwa mwezi mzima angeweza kulazwa na mtoto aliyeingia dakika hiyo. Eddy hakuwa mwenye nguvu kuliko wote. Mikononi mwa mabingwa hakuwatisha watu. Kilichomfanya atishe bandani ni kwamba ujuzi haukumdai kitu. Mchawi wa 1978 amepinduliwa hapo: nguvu kabla ya malipo.

Watengenezaji nao hukosea, tena wakiwa na data za dunia nzima. Desemba 2019 Tekken 7 iliongezewa mzee mmoja wa New York aitwaye Leroy Smith. Januari 2020, kwenye mashindano ya EVO Japan, sita kati ya wanane bora walikuwa wamemchukua yeye. Walimpunguza baadaye. Mashindano kama hayo ndiyo yaliyomtambulisha Arslan Ash, kijana wa Lahore aliyekulia kwenye kumbi za michezo za Pakistani na kutwaa EVO mbili mwaka 2019, kwanza ya Japani, ambako wengi hawakuwa wakimjua, kisha ya Marekani. Kenya ilikuwa na wake, Sylvia Gathoni, Queen Arrow kwa jina la mchezoni, aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kwa ajili ya Tekken 7. Hao ni watu waliojua mhusika mmoja amebadilika wapi toka toleo hadi toleo, mpaka kwa vipande vya sekunde.

Mwenye banda hana muda wa kungoja Japani irekebishe. Katika banda moja la Kawangware, si mbali na steji ya 46, sheria zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye ubavu wa katoni ya televisheni, zikafungwa kwa waya kwenye nguzo juu ya skrini. Mechi shilingi 20. Mshindi anabaki, aliyeshindwa analipa. Kusimamisha mchezo mara mbili tu. Stima ikipotea anayeongoza amepita. Hakuna kuchukua vikosi vya malejendari. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: HAKUNA EDDY.

Soma katoni hiyo polepole utaona kwamba kila mstari ulizaliwa na ugomvi. Wa stima, kwa mfano: tokeni za umeme huisha dakika ya 80, na anayefungwa huwa ndiye mwenye furaha. Lakini sheria nzito kuliko zote haikuandikwa. Fundi wa mtaa, yule anayekalia benchi saa nzima kwa sababu hafungiki, ikifika jioni hapewi timu ya nyota tano. Atachukua ya nyota tatu na nusu, au mpinzani wake aanze na bao moja mkononi. Hakuna anayemuuliza kama amekubali. Hiyo ndiyo hesabu ya mchawi na mwizi, pointi 2,500 dhidi ya 1,250: mwenye uwezo mkubwa anapandishiwa bei ili wadogo waendelee kuwepo mezani.

Sababu yake ni ya kibiashara, na wala mwenye banda haifichi. Pale ambapo aliyeshindwa ndiye hulipa, asiyeshindwa anacheza bure, na hilo si tatizo maadamu wapo wanaoamini wanaweza kumtoa. Watoto wakishaona kwamba haiwezekani, wanaondoka na shilingi 20 zao kwenda kununua smokie. Kampuni inauza toleo jipya kila mwaka na inaweza kuvumilia mwezi wa Leroy. Banda linauza mechi moja moja, na jioni moja mbaya inaonekana kwenye kodi.

Ndiyo maana mzozo wa Adriano, Henry na Mbappé haujawahi kumsumbua mwenye banda hata mmoja niliyezungumza naye. Ukiwauliza nani alikuwa na nguvu zaidi, wanakujibu kwa swali: kwenye mashine gani, dhidi ya nani, na nani analipa? Mmoja wa Makina alinieleza kwamba yeye hupima toleo jipya kwa wiki moja kabla ya kuliruhusu kwa wateja. Anacheza mwenyewe usiku baada ya kufunga, akitafuta timu au mbinu ambayo haikabiki, na akiipata anaiandika kwenye katoni kabla ya kufungua asubuhi. Toleo ambalo halina hila yoyote halipendi sana, maana watu hukosa cha kubishania na foleni inakuwa fupi.

Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, ilipoingia katika banda lile la Kawangware, mstari wa mwisho wa katoni ulipoteza kazi. Eddy hakuwemo kwenye mchezo ulipotoka. Aliongezwa Aprili, naye anauzwa peke yake. Mwenye banda amekataa kumnunua.